Mtambo wa majitaka wa nyumba ya wageni: upi Malindi, upi Lamu?

Nyumba nyingi za wageni Malindi na Lamu hazijaungwa na bomba lolote la majitaka. Kila mwenye nyumba ana shimo lake, na mashimo ni ya aina mbili: linalojaa na lisilojaa. Linalojaa humtoa mwenyewe pesa ya gari la kunyonya kila mara. Lisilojaa watu hulisifu, kumbe ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Sehemu kubwa ya ufuo wetu umekalia mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji yakishaingia humo hutokea kwenye kisima cha jirani au baharini kabla hayajasafika.

Sasa mitambo midogo ya kusafisha majitaka kwa bakteria inauzwa kila pembe ya pwani. Kila muuzaji ana katalogi, na kila katalogi ina picha ya glasi ya maji meupe. Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye nyumba ya vyumba vitano hadi ishirini, si hoteli kubwa iliyoajiri mhandisi. Rai yangu naitanguliza: usichague kwa weupe wa maji yanayotoka. Uliza stima ikikatika itakuwaje, wageni wakiondoka itakuwaje, na tope litatolewa kwa njia gani. Ukishapata majibu hayo, mitambo miwili au mitatu itakuwa imejiondoa yenyewe.

Wanaoshindana ni hawa

Wa kwanza ni baiodaijesta. Mafundi wetu huita hivyo karibu kila tangi lisilo na pampu, lakini ninayoizungumzia hapa ni ile yenye vyumba kadhaa vilivyofuatana, ambamo maji hulazimishwa kushuka na kupanda kupitia tope lililotulia chini. Bakteria wake hawahitaji hewa. Stima haitumiki kabisa.

Wa pili ni tangi la hewa la kawaida. Njia hii ilitangazwa Manchester mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett, na mpaka leo ndiyo inayosafisha majitaka ya miji mingi duniani. Pampu inapuliza hewa, bakteria wanaelea kwenye maji wakila uchafu, kisha maji yanahamia tangi la pili, tope linatulia na sehemu yake inarudishwa nyuma kuendelea na kazi. Kuna ndugu yake anayeandikwa SBR, ambaye hufanya yote hayo ndani ya tangi moja kwa zamu: kujaza, kupuliza, kutuliza, kumwaga maji ya juu. Zamu hizo zinaongozwa na taima.

Wa tatu huandikwa MBBR. Ulitengenezwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni tangi la hewa pia, ila ndani yake mna maelfu ya vigurudumu vya plastiki vyenye vyumba vyumba, vingi vyao vidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Bakteria hawaelei, wanajishika kwenye kuta za ndani za vigurudumu. Ukichota kimoja kwenye mtambo uliokomaa utaona utando wa kahawia umejipaka ndani, mwembamba na unateleza, huku nje plastiki ikiwa safi kwa kusuguana na wenzake. Mita moja ya ujazo ya vigurudumu huwa na mita za mraba 500 au zaidi za makazi ya bakteria, ndiyo maana tangi linakuwa dogo.

Wa nne ni MBR, tajiri wa ukoo. Badala ya kusubiri tope litulie, maji hufyonzwa kupitia utando wenye vitundu vya mikromita 0.04 hadi 0.4. Bakteria wa choo, E. coli, ana urefu wa mikromita 1 hadi 2, kwa hiyo hapiti. Kwa kuwa tope haliwezi kutoroka, linaachwa liwe zito, gramu 8 hadi 12 kwa lita badala ya 3 au 4 za tangi la kawaida, na tangi la hewa linapungua hadi karibu theluthi.

Viko pia vitanda vya matete, ambamo maji husafishwa yakipita kwenye mizizi, na mitambo ya sahani zinazozunguka ambazo bakteria hujishika. Vitanda vya matete nimevipenda siku zote, na gereza la Shimo la Tewa kule Mombasa liliwahi kujengewa mfano wake, lakini hata kwenye joto letu hutaka mita ya mraba moja au mbili kwa kila mtu. Mwenye kiwanja kikubwa Mambrui ajaribu. Sahani zinazozunguka hutumia stima kidogo, ila mhimili wake ukivunjika hakuna wa kuutengeneza hapa, basi naziacha.

Kwanza hesabu

Chukua nyumba ya vyumba sita, wageni 12. Mgeni wa hoteli hutumia lita 200 kwa siku bila kujua, kwa hiyo ni lita 2,400. Wafanyakazi sita, lita 50 kila mmoja, ni 300. Jumla lita 2,700 kwa siku. Mtu mmoja kwa vipimo vya Ulaya huhesabiwa ana uchafu wa gramu 60 za BOD kwa siku, yaani oksijeni ambayo bakteria wataihitaji kuula uchafu huo kwa siku tano. Gramu 60 kwenye lita 200 ni miligramu 300 kwa lita. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira, na E. coli asionekane kabisa. Maana yake unatakiwa uondoe tisa katika kila kumi.

Tangi la septiki la kawaida huondoa theluthi hadi nusu. Baiodaijesta nzuri, yenye vyumba vya kutosha, huondoa saba au nane katika kumi. Tangi la hewa, SBR na MBBR vikiendeshwa vizuri hufika 30 na kushuka chini yake. MBR hushuka chini ya 10. Kwa hiyo anayekuambia baiodaijesta peke yake inatoa maji ya kumwagilia mboga, mshukuru na uendelee na safari. Inahitaji kitu kingine nyuma yake.

Jambo jingine: gramu hizo 60 ni za mtu wa nyumba ya kawaida, na jikoni la wageni linaweza kuzizidisha. Jikoni la pwani ni tui la nazi, samaki wa kukaanga, viazi karai. Mafuta hayo yakiingia kwenye mtambo wowote kati ya hii, hufunika bakteria na kuziba mabomba. Mtego wa mafuta baada ya sinki si nyongeza, ni sehemu ya mtambo, na usafishwe kila wiki.

Stima

Pampu ndogo ya hewa ya nyumba kama hii huwa na wati 80 hadi 150. Ya wati 80 ikikimbia usiku na mchana hula karibu yuniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Hizo si pesa za kumfilisi mtu. Shida ni saa ambazo stima haipo.

Hapa joto letu lina pande mbili. Bakteria hufanya kazi haraka kwenye maji ya nyuzi 28 kuliko ya nyuzi 10, hiyo ni faida, na baiodaijesta ndiyo inayofaidika zaidi. Lakini maji ya nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 10 hubeba 11.3. Ndani ya tangi kwa kawaida tunaweka 2 tu, na stima ikikatika hizo mbili huisha kwa dakika, si kwa saa. Bakteria hawafi papo hapo. Saa nne tano huvumilia. Ikifika siku nzima, tope linaanza kunuka na kuelea, na pampu ikiwashwa tena tope hilo linatoka na maji.

MBBR hupona haraka kuliko tangi la kawaida kwa sababu bakteria wamejishika, hawachukuliwi na maji. SBR nayo ina mtego wake: uliza kama taima hukumbuka ilipoishia. Nyingine zikipata stima huanza mahali popote, na unaweza kujikuta unamwaga maji ambayo hayajatulia. MBR ndiyo yenye adhabu kali, kwa kuwa maji hayatoki bila pampu ya kufyonza. Stima ikikosekana usiku wa mwaka mpya nyumba ikiwa imejaa, maji yanarudi vyooni. Baiodaijesta haina habari.

Mwenye sola ana nafuu. Pampu ya wati 80 si mzigo mkubwa kwa paneli chache na betri, na mitambo mingi ya hewa huvumilia kupumzishwa nusu saa kila saa. Pampu na sanduku la swichi viwekwe ndani, upande usiopigwa na upepo wa bahari. Chumvi hula sanduku la chuma kabla hujamaliza kulipa deni. Na visikae chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwani mvumo ambao mchana husikii, usiku wa kijiji kama Shela kule Lamu unasikika wazi.

Wageni wakiondoka

Malindi hujaa Desemba na Agosti, kisha kusi na masika vinafika na Mei inakuwa mwezi wa wenye nyumba na paka. Bakteria wa tangi la hewa wasipolishwa huanza kulana. Baada ya wiki kadhaa tope limekonda, na wageni wakirudi kwa mkupuo mtambo haujawa tayari. Mitambo ya hewa ikifa kabisa huchukua wiki mbili hadi nne kurudi, baiodaijesta huchukua miezi.

Lakini baiodaijesta haifi hivi hivi. Bakteria wasiotumia hewa hulala njaa kwa muda mrefu na kuamka. Kwa upande wa kuvumilia msimu, ya kwanza ni baiodaijesta, kisha MBBR, kisha SBR ambayo zamu zake zinaweza kupunguzwa, na tangi la kawaida mkiani. MBR ikiachwa bila watu inataka utando wake usikauke, kwa hiyo lazima awepo mtu anayejua.

Kuna kipimo cha kuuliza hapa. Kiwango cha Ulaya cha mitambo ya watu hadi 50 huitwa EN 12566-3, na majaribio yake huchukua wiki 38, pamoja na vipindi vya nyumba kukosa watu, mzigo kuzidi, na stima kukatwa. Muuzaji mwenye karatasi hiyo akuonyeshe ukurasa wa vipindi hivyo. Wastani wa mwaka mzima haukusaidii.

Maji ya chumvi

Hili halimo kwenye katalogi yoyote niliyowahi kushika. Visima vingi vya ufuoni ni vya maji ya chumvichumvi, na nyumba nyingi hutumia maji hayo kuoga na kusafisha vyoo, maji ya bomba yanayotoka Baricho yakiwekwa kwa jikoni. Bakteria huzoea chumvi ikiwa ya kiwango kimoja. Wasichokizoea ni kubadilishwa ghafla: leo maji ya bomba, kesho ya kisima kwa sababu bomba limekauka. Mitambo ya kujishika, yaani MBBR, hustahimili mabadiliko hayo kuliko ile ya kuelea.

Baiodaijesta ina taabu yake ya pekee. Maji ya bahari yana salfeti, karibu gramu 2.7 kwa lita, na kisima kilichoingiliwa na bahari kina sehemu yake. Mahali pasipo na hewa, bakteria hubadilisha salfeti kuwa gesi ya harufu ya yai viza. Gesi hiyo hunuka, na pia inageuka asidi juu ya maji na kula zege la mfuniko kwa ndani. Kabla ya kununua baiodaijesta, onja maji ya kisima chako. Ukihisi chumvi kwenye ulimi, ama uiletee maji yasiyo na chumvi, ama uinue bomba la hewa juu ya paa na uchague tangi la plastiki au faiba badala ya zege, ama uache.

Lamu: mlango ndio unaoamua

Malindi gari hufika hadi getini. Lamu kila kitu hushuka Mokowe, kinavuka kwa jahazi au boti, kisha kinabebwa na hamali, mkokoteni au punda. Mji mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, vichochoro vyake ni vya punda wawili kupishana kwa taabu, na kuchimba humo kuna ruhusa zake. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni aliangalia picha ya tangi la faiba la mita mbili kwa mita nne, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, pipa hilo litapita wapi?" Muuzaji hakuwa na jibu.

Kwa hiyo Lamu mtambo unaoletwa mzima mara nyingi hautoshi mlangoni, hata kama ni bora. Kinachowezekana ni kujenga tangi papo hapo na kuleta viungo. Hapo MBBR inawashinda wenzake wote. Vigurudumu huja kwa magunia, mepesi, punda anabeba. Pampu ya hewa huja mkononi. Tangi la septiki la zamani, likiwa zima na halivuji, hugawanywa: chumba cha kutulia mbele, cha vigurudumu katikati chenye wavu wa kuvizuia, cha kutulia tena mwisho. Vigurudumu visijae zaidi ya theluthi mbili ya chumba, la sivyo havizunguki.

Halafu tope. Hakuna gari la kunyonya linaloingia mji mkongwe. Kila lita ya tope itatoka kwa ndoo, mapipa na watu, na watu hao ni majirani zako. Anayezalisha tope dogo ndiye rafiki yako, na huyo ni baiodaijesta. Tangi la hewa la kawaida ndilo lenye tope jingi zaidi. Ndiyo sababu mimi kwa Lamu huweka baiodaijesta mbele na MBBR ndogo nyuma yake: ya mbele inakula uchafu mwingi bila stima na bila tope jingi, ya nyuma inamalizia, na pampu yake inakuwa ndogo. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, nimeshasema la kuangalia.

Wanaosema tangi lao halinyonywi milele, usiwaamini. Mchanga hauliwi na bakteria yeyote. Shela mgeni anarudi kutoka ufuoni na kiganja cha mchanga kwenye kila mguu, na bafu la nje la kuoshea miguu likiunganishwa na mtambo, chumba cha kwanza kitajaa kabla ya wakati. Maji ya bafu hilo yapelekwe bustanini.

Kwa Shela kuna sababu ya ziada ya kuwa mkali. Maji ya kunywa ya Lamu yanatoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na mchanga hupitisha haraka. Huko shimo la kupotezea maji ambayo hayajasafishwa sitalikubali, hata likiwa na bei nzuri vipi.

Na wa ufuoni, Lamu au Malindi, waangalie bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Maji ya ardhini hupanda na bahari, na tangi la plastiki au faiba la lita 3,000 likinyonywa tupu wakati maji yamefika mfunikoni husukumwa juu kwa nguvu ya tani tatu hivi. Linang'oka na mabomba yake. Lifungwe kwenye bamba la zege, na likinyonywa linyonywe wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana.

Maji yaende wapi

Kama yatamwagilia bustani ambayo watoto wa wageni wanacheza, MBR ndiyo yenye haki, au MBBR yenye klorini nyuma. Taa ya mionzi ya kuulia vijidudu ni nzuri, ila haipenyi maji yenye ukungu. Kama yatafyonzwa ardhini karibu na hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, basi nitrojeni ndiyo ya kuulizia, kwa kuwa hulisha mwani na mwani hufunika matumbawe. Baiodaijesta huiacha karibu yote. SBR huipunguza vizuri zaidi kwa gharama ndogo, kwani taima inaweza kuweka kipindi cha kukoroga bila hewa na bakteria wakaigeuza gesi.

Utando wa MBR huishi miaka mitano hadi kumi ukioshwa kwa klorini na asidi ya limau kama ilivyoandikwa. Nywele na nyuzi za makumbi huusokota, kwa hiyo chujio la milimita 1 hadi 3 mbele yake ni lazima. Kwa hoteli ya Malindi yenye fundi wa kudumu na bustani kubwa, ningeununua. Kwa nyumba ya vyumba sita, hapana. Hapo Malindi ningechukua MBBR, au SBR kama niko ufuoni kabisa na nina mtu wa kuangalia taima.

Kabla ya kulipa

Poda za bakteria za kuanzishia mtambo sikatazi, ila ndoo chache za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi vizuri hufanya kazi hiyo hiyo bure. Jiki na dawa za choo zipunguzwe. Mashuka ya nyumba nzima yasifuliwe siku moja.

Jifunze kipimo kimoja cha matangi ya hewa ambamo tope linaelea. Chota lita moja kutoka tangini pampu ikiwa inapuliza, weka kwenye chupa ya kioo pana, iache dakika 30 bila kuitikisa. Tope la kahawia likishuka hadi kati ya robo na nusu ya chupa, na juu maji yakawa wazi, mambo ni mazuri. Likigoma kushuka au likiwa jeusi, piga simu. MBBR hailingani na kipimo hiki, yake ni kuchungulia vigurudumu kama vinazunguka vyote.

Kwenye mkataba, zuia sehemu ya malipo hadi majibu ya maabara yatoke, na uandike kabisa kwamba sampuli itachukuliwa nyumba ikiwa imejaa. Muuzaji atapendekeza Mei. Mwambie ni Desemba.